Heliamu na Matale ya Kale ya Usukuma

Atokaye Bariadi akielekea Ziwa Eyasi, kusini-mashariki, aanza safari juu ya nchi ya matale ya kale sana, ambayo umri wake ni kama miaka milioni 2,500 au zaidi, na kuimaliza katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilikatika ikadidimia. Nchi hizi mbili zahitajiana katika habari ya heliamu.

Gesi hii haitokani na mimea wala viumbe vilivyooza, kama yatokavyo mafuta. Yazaliwa ndani ya mwamba wenyewe. Katika matale mna urani na thori, kidogo mno, zilizofungika katika chembe za madini. Atomu zake huvunjika polepole. Kila atomu ya urani ya kawaida hutoa viini vinane vya heliamu kabla ya kugeuka madini ya risasi. Lakini nusu tu ya urani hiyo huvunjika katika miaka milioni 4,500! Ndiyo sababu wachunguzi huthamini mwamba mkongwe.

Hata hivyo, kuzaliwa si kukusanyika. Gesi hukaa kifungoni ndani ya chembe hizo mpaka lije joto la kuifungua, na joto hilo huletwa na Bonde la Ufa. Ikisha kufunguliwa, hupanda kupitia nyufa pamoja na nitrojeni na maji, hata ikatoa mapovu katika chemchemi za moto. Mapovu hayo yaonyesha kwamba gesi ipo, na pia kwamba inatoroka; nayo ikifika hewani, mwishowe hupotelea nje ya dunia, kwa wepesi wake. Hapana budi basi pawe na tabaka la mchanga la kuipokea, na juu yake udongo mzito wa kuizuia.

Hayo yote yamekutana katika Bonde la Rukwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Oxford na Durham walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 huko, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heliamu hadi juu ya ardhi. Wataalamu hao walionya pia kuwa karibu mno na volkano gesi nyingine huizidi heliamu na kuizimua.

Bariadi, basi, ina chimbuko, lakini iko kando ya Bonde. Mtu aambiwaye kwamba shamba lake lina heliamu kwa kuwa lina matale, na aulize kwanza kifuniko ki wapi.