Tizi la Jambiani: Mchanga Maji Yakikupwa, Mashine Yakijaa

Oya masela wa Kibigija na Kikadini, hapa Jambiani, Zanzibar, leo tuongee ishu ya tizi. Ukikatiza kwenye jimu za mahoteli huku kwetu unaweza kukuta tredimili imegeuzwa baharini, mgeni anakimbia juu ya mkanda na ufukwe mzima uko wazi mbele yake. Washkaji wanasema mzungu kazingua. Mi nasema hajazingua hata kidogo.

Mwili haujali unakimbilia wapi. Ukikaza nusu saa, mkandani au mchangani, moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, presha inashuka taratibu, misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu, na usiku unalala fofofo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Wastani ni pale unapoweza kupiga stori lakini kuimba huwezi. Gawa kwa siku tano, ni nusu saa tu, mwanangu. Maskani tunabishana Simba na Yanga zaidi ya hapo.

Ufukwe wetu ni noma, ila una ratiba yake, na wazee wanayo kichwani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hilo: maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi hivi, yanakwenda mbali, mchanga mbichi unabaki mgumu na tambarare, mzuri kinoma kwa raba au kwa miguu mitupu. Lakini saa nne jua linachoma na wewe uko kwenye mishe. Ukitoka job saa kumi jioni bahari imeshajaa, inagonga kuta za mahoteli, umebakiwa na kipande cha mchanga laini uliolala upande. Mchanga laini unakula pumzi, unatumia nguvu nyingi kuliko kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kwa siku moja moja ni tizi la maana, ila kila siku vifundo vya miguu vitakudai. Na usidhani utaizoea saa, maana kila siku maji yanachelewa kama dakika 50.

Tredimili haijui bamvua wala masika. Ubao wake unanesa kidogo, magoti yanapumua, na mchizi aliyeumia mpirani anaweza kurudi kwa spidi anayoipanga mwenyewe. Ndiyo maana hata hospitali zinaitumia: mwaka 1952 daktari Robert Bruce na Wayne Quinton wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza ya kupimia moyo wa mgonjwa akiwa anatembea. Ukipanda, anza kwa kutembea dakika tano. Weka mlima asilimia 1, kwa sababu ndani hakuna upepo wa kukupinga. Usining'inie vile vyuma vya pembeni, unajidhulumu. Kile kikamba cha kuzimia mashine kibane kwenye fulana.

Ila ninaowafikiria zaidi ni dada zetu. Tangu 1989 mama zetu wanalima mwani hapa: wanainama majini, wanafunga kamba kwenye mambo, vile vijiti vya kuchomeka mchangani, wanarudi na magunia mazito. Mgongo unachoka kwelikweli, lakini moyo haupati ile nusu saa ya mbio mfululizo. Na binti akitaka kukimbia kijijini, kila maskani ina macho, na ufukweni kuna mapapasi, wale vijana wa kuwinda watalii, wa kumsemesha. Tarehe 1 Januari Zanzibar inafanya mazoezi kitaifa, wanawake wamo kwenye vikundi, wana mzuka, hakuna anayewashangaa. Tarehe 2 wanarudi kufichwa na aibu ambayo si yao. Chumba kilichofungwa chenye mashine moja kinamtosha kabisa mtu wa hivyo: anavua mtandio, jasho linamtoka, anatoka zake freshi.

Kwa hiyo mameneja wa mahoteli, mchana wageni wenu wako baharini na mashine zimelala. Fungueni kwa muda wa saa mbili tu kwa wanawake wa kijiji, kwa bei ya kijiji, na msimamizi awe mwanamke. Na nyie masela mnaokimbia maji yakikupwa, pisheni kamba za mwani. Mambo yakiinuka, hasara ni ya mama wa mtu.