Sura ya Nne: Mtama na Wekundu wa Mbali

Pita kwenye shamba la mtama lililomwagwa mbegu kwa mkono mzito, ambako hakuna aliyepunguza miche. Mabua ni marefu na membamba, mizizi imesinyaa, na machipukizi ya pembeni ni ya kuhesabu. Mkulima atakwambia miche inagombea jua. Hajakosea, ila ugomvi wenyewe huanza mapema kuliko kivuli. Mwaka 1990 Carlos Ballaré na wenzake walionyesha kwamba mmea huanza kurefuka kwa kumulikwa tu na mwanga unaorudishwa na majani ya jirani, ungali wenyewe umesimama juani.

Unajuaje? Jani hunyonya mwanga mwekundu, wa nanometa 660 hivi, likautumia kutengeneza chakula. Mwanga wa nanometa 730, ambao jicho la mtu huuona kwa shida sana, halina haja nao: sehemu hulipenya, sehemu hurudi ulikotoka. Tuuite wekundu wa mbali. Penye majani mengi basi, wekundu wa kawaida hupungua na ule wa mbali huzidi. Uwiano huo hupimwa na protini iitwayo fitokromu, yenye maumbo mawili. Mwanga mwekundu huigeuza ikashika kazi. Wekundu wa mbali huirudisha ikalala.

Haya yaligunduliwa Beltsville, Maryland, kwa mbegu za saladi. Mwaka 1952 watafiti wa huko walizimulika kwa zamu, wekundu kisha wekundu wa mbali, mara nyingi mfululizo. Mbegu zilifuata mmuliko wa mwisho: ukiwa mwekundu ziliota, ukiwa wa mbali nyingi zilibaki kimya. Miaka saba baadaye protini yenyewe ilipimwa kwa mashine, ndani ya miche ya mahindi iliyooteshwa gizani.

Mtama una jeni tatu za fitokromu: PHYA, PHYB na PHYC. Mahindi, ambayo kromosomu za babu yake zilijirudufu zamani, yana sita. Hapa tushike PHYB.

Mtama ni mzaliwa wa kaskazini mashariki mwa Afrika, na aina nyingi za asili hazitoi suke mpaka usiku urefuke. Ulipofika Texas, ambako mchana wa Juni unapita saa 14, mitama ya namna hiyo iliendelea kupanda juu bila suke, baridi ikaikuta ingali majani matupu. Wakulima waliokota mimea michache iliyowahi, na J. R. Quinby, mtafiti wa kituo cha Chillicothe, akatumia miaka mingi kuichanganya na kufuatilia urithi wake. Alizipa jeni za muda wa kukomaa majina makavu: Ma1, Ma2, Ma3, na kuendelea.

Mwaka 1997 ikathibitika kwamba Ma3 ndiyo PHYB yenyewe. Katika mbegu ya utafiti iitwayo 58M, herufi moja ya DNA imedondoka ndani ya jeni hiyo. Kwa kuwa chembe husoma herufi hizo tatu tatu, kila fungu linalofuata husomeka kombo, mpaka inatokea alama ya kukoma na protini inakatika kabla ya kukamilika. Otesha 58M peke yake, juani, bila jirani hata mmoja: itakuwa nyembamba, ndefu, yenye machipukizi machache, kama vile imebanwa shambani. Na itatoa suke mapema, hata mchana uwe mrefu vipi. Kasoro ni moja, matokeo mawili.

Sababu iko jioni. Jeni nyingine, PRR37, ambayo ndiyo Ma1 ya Quinby, huzuia mmea kuchanua. Saa ya ndani ya mmea huiamsha asubuhi, na tena jioni endapo mwanga ungalipo. Na anayeleta habari za mwanga huo ni fitokromu. Mchana ukiwa mrefu, kizuizi hukaa kazini. PHYB ikivunjika, habari za jioni hazifiki, na suke hutoka.

Kwa maoni yangu hapa ndipo somo zima la uzalishaji wa mbegu lilipo: usimpofushe mlinzi ukitaka lango lifunguliwe. Ukivunja PRR37, mtama utawahi kuchanua huku ukiendelea kuona majirani wake kama kawaida. Mradi ulioanza mwaka 1963 kati ya Texas na Puerto Rico ulifuata njia hiyo bila kujua jina la protini yoyote. Walichanganya mitama ya kitropiki na mifupi ya mapema, wakachagua, wakarudia; zaidi ya yote walikuwa wakibadilisha Ma1.

Kule Sahel, mambo ni kinyume. Mtama wa asili wa Mali uliopandwa mvua za mwanzo na ule uliochelewa kupandwa hutoa masuke karibu wakati mmoja, mvua zikielekea kukatika. Unaowahi hukomaa mvua zingali zinanyesha, na punje zake huota ukungu kabla ya kuvunwa, zile zilizoponea ndege.