Goma: Gramu za kwenye simu, kilo za kwenye mizani

Kwenye simu, kioo cha pembeni cha pikipiki kimeandikwa gramu 300. Kwa muuzaji mdogo wa vipande vya moto huko Murara, mtaa wa komine ya Karisimbi ulio jirani na uwanja wa ndege wa Goma, namba hiyo ndiyo inayoamua kama ataagiza ao ataacha. Lakini mara nyingi siyo uzito atakaolipia.

Anayejaza uzito kwenye ukurasa wa bidhaa ni muuzaji mwenyewe, awe Guangzhou ao Dubai. Wengine huandika uzito wa kipande peke yake, bila boksi wala plastiki ya kukinga. Wengine hupunguza kwa makusudi, maana gramu chache huonyesha usafiri wa bei ndogo na mteja anabonyeza haraka.

Kisha kuna hesabu ya ndege, ambayo wengi huijua siku koli inapofika. Kampuni za usafiri wa anga hupima pia ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Zile za kusafirisha kwa haraka hugawanya kwa 5000. Kati ya uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, unalipia ule ulio mkubwa.

Tuseme vioo 20 vya gramu 300. Hiyo ni kilo 6. Vikiwekwa ndani ya boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, hesabu ya ukubwa inatoa kilo 16. Ajanse ikidai dola 12 kwa kilo, aliyejipangia dola 72 ataombwa 192. Dola 120 zaidi, yaani dola 6 juu ya kila kioo. Kama faida yake ilikuwa dola 5, anauza kwa hasara hata kabla ya duane.

Na njia yenyewe imerefuka. AFC/M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa Goma ulifungwa kwa ndege za biashara na benki zikafunga milango. Mzigo wa ndege hushukia inchi jirani, kisha unapanda gari hadi mpakani. Kila anayeupokea njiani ana mizani yake.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauishii kwenye mfuko. Diski ya breki iliyo nyepesi kuliko ilivyoandikwa huenda ni nyembamba pia, na motari anayeshuka na abiria wawili hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Upande mwingine, kipande kinachouzwa kama aluminiamu nyepesi kinaweza kuwa chuma kilichopakwa rangi.

Hilo linapimika bila mashine kubwa. Sumaku hushika chuma, haishiki aluminiamu, ingawa kuna aina za chuma kisichoshika kutu ambazo nazo haziishiki. Maji ni shahidi mzuri zaidi: kipande cha aluminiamu cha gramu 540, kisicho na uwazi ndani, kikizamishwa kinapandisha maji kwa mililita 200 hivi. Cha chuma chenye uzito huohuo kinapandisha karibu 70 tu. Inatosha mizani ya jikoni na chombo chenye alama.

Kisheria, kuhakikisha ubora na kiasi cha bidhaa zinazoingia Kongo ni kazi ya OCC, ofisi ya udhibiti iliyoundwa mwaka 1974. Lakini inakagua mzigo, haikagui ahadi iliyosomwa kwenye simu.

Kwa hiyo mnunuzi anabaki na maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutuma feza, na majibu yake ayapate kwa maandishi: uzito wa boksi likiwa limefungwa, na vipimo vyake vitatu. Koli ikifika, ipigwe picha juu ya mizani kabla haijafunguliwa. Bila picha hiyo, malalamiko hayana nguvu, na kurudisha kioo kimoja China kunaweza kugharimu kuliko kioo chenyewe.