Mashine Isiyopenda Masika

Umeme ukikatika Mwembesongo, Morogoro, saa tano asubuhi, friji inanyamaza, saluni inasimamisha kazi, na kila mtu anajua la kufanya. Roboti ya kukata nyasi nayo husimama palepale ilipo, katikati ya ua, hata kama betri yake imejaa. Kinachoisimamisha ni waya. Aina nyingi za mashine hizi hutegemea waya mwembamba uliofukiwa sentimita chache kuzunguka bustani, na kituo cha chaji ndicho kinachopitisha mawimbi kwenye waya huo ili mashine ijue eneo lake linaishia wapi. Kituo kikikosa umeme, mawimbi yanapotea, na roboti isiyojua mpaka wake haitakiwi kusogea. Bora iwe hivyo, maana vinginevyo ingeishia barabarani, miguuni mwa bodaboda.

Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024, mgawo umepungua. Lakini transfoma ya mtaani ikiungua, megawati 2,115 za bwawa hilo la Mto Rufiji hazikufikii. Kisha kuna radi. Waya wa mita mia na zaidi uliolala ardhini hunasa msukumo wa umeme wa radi hata iliyopiga kando, na kuupeleka moja kwa moja kwenye saketi ya mashine. Mawingu yakianza kushuka kutoka milima ya Uluguru, mwenye roboti anapaswa kwenda kuchomoa plagi na kuutenga waya na kituo. Chombo kilichonunuliwa ili mtu asihangaike na bustani kinamtaka awepo nyumbani kila anga linapobadilika.

Kasoro kubwa zaidi haimo kwenye umeme. Anayenunua mashine hii hudhani amepata mfyekaji, kumbe amepata kinyozi wa kila siku. Ndani yake hakuna panga zito la chuma kama la mashine ya petroli. Kuna visu vidogo vyembamba kama nyembe, vilivyofungwa kwenye sahani inayozunguka. Kazi yake ni kupunguza milimita chache, mara nyingi, kwenye nyasi ambazo tayari ni fupi. Zikifika sentimita kumi au zaidi, watengenezaji wengi wanakutaka uzikate kwanza kwa njia nyingine. Husqvarna ya Sweden ilianza kuuza roboti yake ya kwanza, ya umemejua, mwaka 1995, na bustani iliyofikiriwa ni ile ya Ulaya: nyasi laini, mvua za rasharasha, majira yasiyo na pupa.

Sasa ilete Morogoro mwezi wa nne. Masika yamekolea, ukoka unatambaa usiku na mchana, ardhi imelowa. Roboti zenye kihisi cha mvua hurudi kituoni zenyewe na kungoja pakauke. Zisizo nacho huendelea, na udongo unaganda kwenye magurudumu hadi yanateleza na kuchimba mitaro. Mvua ikinyesha mfululizo, nyasi zinaipita kimo mashine ingali imepumzika, na wewe unarudi kwenye fyekeo. Kiangazi kinapoingia ukoka unakauka, na roboti inakaa stoo miezi kadhaa huku betri yake ya lithiamu ikizeeka bila kazi.

Kuna zinazouzwa bila waya, zinazosoma setilaiti na kusahihishwa na antena ndogo iliyofungwa juu ya paa. Kwenye uwanja wazi zinajua zilipo kwa sentimita. Ziingize chini ya mwembe mkubwa, au kwenye uchochoro kati ya ukuta na paa la bati, mawimbi yanafifia au yanadunda, na mashine inapoteza mwelekeo. Msimu wa maembe una shida yake nyingine: tunda lililoanguka na kokwa iliyotupwa na mtoto vyote ni vizuizi, kwa hiyo lazima mtu aokote kabla roboti haijatoka.

Kuhusu mtoto sitanii. Visu husimama mashine inapoinuliwa, lakini kidole cha mguu kinaweza kuvifikia kabla haijainuliwa, na watoto wetu huchezea uani peku. Wanyama wadogo wako hatarini zaidi. Mwaka 2021 Sophie Lund Rasmussen, mtafiti kutoka Denmark, na wenzake walichapisha matokeo ya kujaribu roboti 18 kwa kutumia mizoga ya kalunguyeye. Hakuna hata moja iliyomtambua mnyama bila kumgusa kwanza, na baadhi zilimkatakata vibaya. Kalunguyeye tunaye hapa nchini pia. Hutoka usiku, na akishtuka hakimbii, hujikunja. Asiyetaka kumuua asiiwashe roboti yake baada ya jua kuzama.

Halafu zinakwenda wapi hizo nyasi? Roboti huzikata vipande vidogo vinavyoozea palepale, na udongo unafaidika kweli. Ila Morogoro majani yaliyokatwa ni lishe ya mifugo. Kule Mgeta, milimani, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walioletwa miaka ya 1980 hufungiwa bandani na kukatiwa majani. Hapa mjini pia, jirani mwenye mbuzi wawili angekushukuru kwa gunia la ukoka, na roboti haina gunia la kumpa.

Kwenye matengenezo ndipo ninapokosa uvumilivu. Mashine ya petroli ikigoma, fundi pikipiki yeyote anafungua kabureta, anasafisha plagi, mnamalizana. Roboti ikigoma, tatizo linaweza kuwa bodi, programu iliyofungwa kwa namba za siri za muuzaji, au waya uliokatwa na jembe mahali usipopajua. Betri mpya ukiagiza nje, mashirika ya ndege yana masharti makali juu ya lithiamu.

Kwa ua wa kawaida wa Mwembesongo, ambao sehemu yake kubwa ni udongo unaofagiliwa kila asubuhi, kijana mwenye mashine ya begani anamaliza kabla ya chai ya saa nne. Mwenye hoteli yenye uwanja tambarare, ukuta na umeme wa akiba anaweza kupiga hesabu yake. Nami ningemshauri asiangalie video kwenye simu. Amwombe muuzaji amwoneshe visu na betri za akiba alizonazo ghalani leo.