Tuilinde Dira ya Angani

Mwezi wa Aprili mwaka 2001, nahodha wa meli ya utafiti Point Sur, katika bandari ndogo ya Moss Landing, California, nchini Marekani, alitoa taarifa ya ajabu. Vipokezi vya GPS, ambavyo humwonyesha baharia mahali alipo kwa msaada wa satelaiti, vilikuwa havifanyi kazi bandari nzima. Satelaiti zilikuwa salama huko juu. Mtu angeweza kudhani ni hila ya adui. Wataalamu walipochunguza, wakamkuta mkosaji juu ya boti: antena ya televisheni yenye kikuza mawimbi cha kununuliwa dukani, ambacho badala ya kupokea tu kilikuwa kinatoa mawimbi. Kikazimwa, lakini bandari haikupona. Kumbe vilikuwa vitatu.

Tumekitaja kisa hicho kwa kuwa wako wanaoamini kwamba kitu kitokacho angani hakiwezi kuguswa na mkono wa mtu. Sivyo hata kidogo. Satelaiti za GPS zazunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu. Chukua wati moja ya umeme, uigawe mafungu bilioni moja, kisha kila fungu uligawe tena mara milioni 10: kipande kimoja cha namna hiyo ndicho, kwa kukadiria, kinachofika kwenye antena. Simu ya mkononi ya GSM yaweza kutoa wati 2. Basi kipokezi ni kama mtu anayesikiliza mnong'ono wakati jirani yake anapiga ngoma.

Kwa hiyo yafaa antena iwekwe mbali na simu na redio za kutangazia. Pia pawepo kichujio kinachopitisha masafa yanayotakiwa, yaani megahezi 1575.42 kwa vipokezi vya kawaida, na kuyazuia mengine. Saketi zenyewe zifunikwe kwa bati lililoungwa na waya wa ardhini.

Lakini liko dhara jingine, nalo haliwi la kelele tu, bali huua. Ni umeme uliozidi kiasi. Binadamu kwa kawaida hahisi cheche ya umeme tuli iliyo chini ya voti 3,000 hivi, hali kikuza mawimbi cha kipokezi chaweza kufa kwa cheche ndogo kuliko hiyo. Au kikajeruhiwa, kikafanya kazi miezi kadhaa, ndipo kife safarini. Waya wa antena huweza kubeba umeme huo, na antena yenyewe pia. Ndiyo maana fundi mwangalifu huunganisha kwanza upande wa ardhi, ndipo aguse njia ya mawimbi, na chuma chake cha kuchomelea risasi nacho huwa kimeungwa ardhini. Garini kuna hatari ya namna yake: betri ikitenganishwa wakati injini inanguruma, mfumo wa voti 12 hurusha ghafla makumi ya voti. Na antena iliyo juu ya paa yataka kinga ya radi pale waya unapoingia nyumbani.

Vitu hivi havina gharama kubwa. Tajiri anayenunua kifaa dhaifu kisicho na kichujio wala kinga, kisha akamkata dereva au fundi mshahara kifaa kinapokufa, hatendi haki, nasi twalisema hilo waziwazi. Mfanyakazi naye apewe vyombo vya kazi na nafasi ya kuifanya kwa utaratibu. Kuharakishwa ndiko kunakoharibu vingi.

Hata hivyo haki hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuharibu kwa makusudi. Mwezi wa Agosti mwaka 2012, karibu na uwanja wa ndege wa Newark nchini Marekani, mtambo mpya wa kuongoza ndege zinapotua, unaotegemea GPS, ulivurugwa. Wakaguzi walimpata dereva wa gari la kampuni, ambaye alikuwa amechomeka garini kifaa kidogo cha kuzuia mawimbi. Mwaka 2013 serikali ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875. Hakuwa na ugomvi na ndege yoyote. Alitaka tu mwajiri wake asijue gari liko wapi.