Sura ya Sita: Kuchagua Skima na Kuituliza

Chukua tangi la maji chumvi la lita 1,200, lenye kangaja wanne, samaki wadogo wa rangi kadhaa na mwamba uliopandwa matumbawe. Asubuhi hutiwa ngisi na kamba waliokatwakatwa, mchana kipande cha mwani mkavu, jioni chakula cha punje. Sehemu ndogo tu ya hayo huishia kuwa nyama ya samaki. Iliyobaki hurudi majini ikiwa mavi, ute, amonia inayotoka mashavuni, na makombo ambayo hakuna aliyeyawahi. Baharini mkondo ungeyachukua. Ndani ya kioo hayana pa kwenda, kwa hiyo bakteria huyavunja hapo hapo. Kazi hiyo hula oksijeni, na mwisho wake ni naitreti na fosfeti. Mwani hunawiri, matumbawe hufifia, na kioo kilichofutwa jana leo kina ukungu wa kijani.

Soksi ya kuchujia hunasa makombo, lakini makombo yaliyonaswa bado yamelowa katika maji yale yale na yanaendelea kuoza mpaka uitoe soksi na kuifua. Skima hufanya jambo jingine: huutoa uchafu nje ya maji kabisa na kuuweka kwenye kikombe, kabla bakteria hawajaumaliza. Ndiyo maana naihesabu kuwa kifaa cha kwanza kununuliwa kwa tangi kubwa, hata kabla ya taa.

Inafanyaje kazi? Molekuli nyingi za protini na mafuta zina upande unaoyapenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa hujipanga kwenye ngozi yake, upande mmoja ukibaki majini na mwingine ukielekea hewani. Chembe ndogo za uchafu nazo hunasa hapo. Ukipeleka maelfu ya viputo juu kwa pamoja, vitapanda na mizigo yao, vitakusanyika kuwa povu, na povu likipata njia nyembamba ya kupandia litamwagika upande wa pili. Povu la rangi ya maziwa machafu ambalo bahari hulisukuma ufukweni siku za kusi kali limetokana na kanuni hiyo hiyo: mawimbi yamepiga hewa ndani ya maji, na mabaki ya mwani na viumbe wadogo yamelipa povu uimara. Chumvi nayo ina sehemu yake. Katika maji baridi viputo vidogo huungana haraka kuwa vikubwa na kupotea juu. Katika maji ya bahari hubaki vidogo na vingi. Kwa hiyo mfugaji wa sato asitegemee kupata faida kama hii kwenye bwawa lake.

Wajerumani ndio walioifanya skima kuwa kifaa cha nyumbani. Skima za mwanzo zilisukumiwa hewa kupitia kijiwe cha mti, ambacho kilitoa viputo vizuri sana kwa wiki chache kisha kikaziba. Mfumo wa Berlin, unaohusishwa na Peter Wilkens na Dietrich Stüber, uliuonyesha ulimwengu kwamba mwamba hai, mwanga mkali na skima yenye nguvu vinatosha kulea matumbawe magumu bila vichujio vingi vya bakteria. Leo skima nyingi za nyumbani hutumia pampu yenye impela ya sindano: pampu hunyonya maji na hewa kwa pamoja, na vijiti vya impela huikatakata hewa hiyo kuwa viputo vya karibu milimita moja au chini yake.

Sasa twende dukani. Boksi litakuambia skima hii ni ya tangi la lita 1,500, ile ya lita 2,000. Usiichague kwa namba hiyo. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, na lita si kitu ambacho skima inakiondoa. Inachoondoa ni mabaki ya chakula. Tangi la lita 1,200 la chewa na mikunga wanaokula samaki wazima linahitaji skima kubwa kuliko tangi la ukubwa huo huo lenye matumbawe na samaki watano wadogo. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jua unatia chakula kiasi gani kwa siku, kisha tazama mambo mawili: shingo na hewa.

Shingo ni ule mrija unaobeba povu kutoka kwenye mwili wa skima hadi kikombeni. Watu wengi huipita bila kuitazama, nami naona ndiyo inayoamua. Shingo ya sentimita 20 ina eneo mara nne ya shingo ya sentimita 10, na eneo lote hilo linahitaji povu imara la kulijaza ili lipande. Tangi likiwa na uchafu mchache, povu katika shingo pana husimama katikati, hukauka na kupasuka, na kile lilichobeba hurudi majini. Mwenye tangi huona kikombe kikavu akadhani maji yake ni safi. Hapo ndipo ushauri wa kununua kubwa kupita kiasi unapogeuka hasara. Kwa tangi letu la kangaja wanne ningetafuta shingo ya sentimita 12 hadi 15 na pampu inayovuta hewa lita 1,200 hivi kwa saa. Kwa tangi la mikunga ningepanda daraja moja.

Kasi ya maji inahitaji subira zaidi ya nguvu. Maji yaliyochujwa hurudi kuchanganyika na yasiyochujwa, kwa hiyo skima inayopitisha lita 1,200 kwa saa haiwezi kulimaliza tangi la lita 1,200 kwa saa moja: karibu asilimia 37 ya maji itakuwa haijapita hata mara moja. Baada ya saa tatu itabaki asilimia 5 hivi. Inatosha. Ukiyapitisha maji mbio zaidi, viputo havipati muda wa kubeba kitu.

Usilipie miujiza pia. Ken Feldman, mkemia wa Pennsylvania State University, alizipima skima za aina kadhaa na kukuta kwamba huondoa takriban moja ya tano hadi moja ya tatu tu ya kaboni ya viumbe inayopimika majini, kisha husimama. Na tofauti kati ya skima moja na nyingine ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya bei zake. Kilichobaki hakishiki kwenye viputo. Hicho ni kazi ya mkaa amilifu na ya kubadilisha maji. Mimi nachukulia matokeo hayo kuwa habari njema: skima ya bei ya kati iliyopangwa vizuri itafanya karibu yote ambayo skima yoyote inaweza kufanya.

Kuna jambo la umeme ambalo wauzaji hawalisemi. Pampu ya kawaida hufuata hezi za umeme. Kenya na Tanzania tunatumia hezi 50, Marekani hezi 60. Ndugu akikuletea skima kutoka Marekani, transfoma itakupa volti 120 inazotaka lakini haitabadilisha hezi. Pampu iliyotengenezwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika itazunguka mara 3,000, itavuta hewa pungufu, na povu halitafika pale lilipofika kwa mwenyewe kule Chicago. Nunua pampu ya hezi 50, au ile ya umeme wa DC wa volti 24 yenye kidhibiti chake, ambayo pia hukuruhusu kuongeza na kupunguza kasi. Pampu ya wati 40 isiyozimwa itakula karibu yuniti moja kwa siku. Liweke hilo kwenye hesabu mapema.

Skima nyingi hukaa ndani ya sampu, lile tangi dogo la chini, na kila moja ina kina chake cha maji inachokitaka, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25. Kina hicho kisibadilike. Maji ya sampu yakishuka sentimita mbili kwa sababu ya joto na upepo wa feni, povu nalo litashuka ndani ya shingo, nawe utaanza kuzungusha koki ya kutolea maji kutibu ugonjwa ambao haumo ndani ya skima. Iweke kwenye chumba kilichotengwa kwa kioo cha kuzuia, ambacho maji yake hayapandi wala hayashuki, na kiwe chumba cha kwanza kupokea maji yanayoshuka kutoka uso wa tangi la juu, maana utando wa mafuta na protini hukusanyika usoni. Chumba kikiwa na kina kirefu kuliko kinachotakiwa, weka kibao cha plastiki chini ya skima.

Sasa iwashe. Skima mpya ioshwe kwanza kwa maji na siki, lakini hata hivyo itakuwa na tabia mbaya kwa siku chache, pengine wiki mbili. Akriliki mpya ina mabaki ya kiwandani, na kuta hazijapata utando wa viumbe. Kuna ambazo hazitoi kitu, na kuna ambazo hujaza kikombe maji matupu kwa nusu saa. Fungua koki ya kutolea maji kabisa, acha hewa ivutwe yote, na uiache izunguke. Ikitulia, anza kuifunga koki hiyo kidogo kidogo ili maji yapande ndani ya mwili. Mguso mmoja kwa siku. Wengi hushindwa hapa: hugeuza koki, hawaoni kitu baada ya dakika kumi, hugeuza tena, na asubuhi hukuta mafuriko. Hewa usiiguse mpaka umemaliza na maji, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta mabadiliko.

Chuchumaa uitazame shingo kwa karibu, ikiwezekana na tochi. Chini kabisa kuna maji meupe yanayochemka kwa viputo. Juu kidogo utaona mahali ambapo mchemko unakoma na viputo vinaanza kukaa kimoja juu ya kingine. Mstari huo ndio unaousogeza kwa koki, na nyumba yake ni pale shingo inapoanzia. Kutoka hapo viputo hupanda polepole, vikidondosha maji yao chini, na kadiri vinavyokauka hupoteza umviringo na kupata pembe. Michirizi ya kahawia hujitokeza kati yake. Karibu na mdomo wa shingo povu ni zito, limekunjamana, na linajimwaga kikombeni kwa vipande. Ukiona viputo vikubwa vinapasuka pasuka katikati ya njia, maji yako chini mno. Ukiona maji yanayometa yanafika mdomoni, yako juu mno.

Rangi ya kilichomo kikombeni itakuonyesha ulipofika. Maji ya rangi ya chai nyepesi yana maana kwamba unatoa kingi, pamoja na maji mengi ya bahari. Uji mweusi wenye harufu ya kuoza maana yake unatoa kidogo kilichokolea. Mimi napendelea katikati, nikiegemea kwenye chai. Lakini aliyechagua hivyo apige hesabu ya chumvi. Lita moja ya maji hayo ina karibu gramu 35 za chumvi, na kifaa cha kujazia sampu maji yanapopungua kitaweka maji baridi mahali pake. Kwa lita moja kila siku, tangi la lita 1,200 litapoteza kilo moja ya chumvi kwa mwezi kati ya kilo 42 lilizonazo. Pima kila wiki, na ujazie maji ya chumvi pale inapobidi.

Povu huanguka baada ya kulisha, kwa sababu ya mafuta ya chakula, na pia baada ya kutia mkono majini. Baada ya saa kadhaa hurudi lenyewe, usiguse koki. Dawa za samaki, dawa ya kuondoa klorini na gundi ya kubandikia matumbawe hufanya kinyume: huifurisha skima mpaka imwage. Inua kikombe au izime mpaka ipite. Na shingo ifutwe kila baada ya siku mbili tatu, kwani utando wa mafuta ulioganda ndani yake hulivunja povu kabla halijafika. Ukiona povu limepungua polepole kwa wiki nzima, angalia tundu la hewa: chumvi huota humo. Chovya ncha ya mpira katika maji ya moto kidogo, itavuta na kujisafisha.

Hewa yenyewe itoke wapi? Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya AC na kujaa watu hujaa kaboni dayoksaidi, na skima itaiyeyusha majini na kushusha pH. Peleka mpira wa hewa nje ya dirisha, mbali na jenereta, na mbali na mahali mnapopulizia dawa ya mbu, ambayo huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana.

Mwisho, umeme ukikatika. Maji ya tangi la juu hushuka hadi sampu, na kina kinapanda. Umeme ukirudi, skima huanza kazi ikiwa imezama kupita kiasi, na kwa dakika chache humwaga maji machafu kikombeni hadi sakafuni, wakati pampu ya kupandisha haijamaliza kurudisha kina. Weka taima inayochelewesha skima kwa dakika kumi baada ya umeme kurudi, na kama unaweza, boya ndani ya kikombe linaloizima kikijaa. Kisha, kabla hujaweka hata samaki mmoja, nenda kwenye meni swichi, uzime makusudi, usubiri sampu ijae, uwashe, na ukae hapo kwenye kigoda ukitazama kikombe mpaka povu lirudi kwenye mstari wake.