Cor triatriatum: jina, utando na mgonjwa mzee

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Kwa watu wachache sana, utando mwembamba hukigawa chumba cha juu cha kushoto, na damu itokayo mapafuni hulazimika kupita kwenye tundu la utando huo kabla ya kufika kwenye vali ya mitrali. Church aliueleza mwaka 1868. Borst akaupa jina mwaka 1905: cor triatriatum, moyo wenye atria tatu. (Atrium kwa Kilatini ni ukumbi wa nyumba ya Kirumi.)

Jina linahesabu kumbi, halitaji utando. Lakini kwa mganga jambo lenyewe ni utando, hasa upana wa tundu lake. Likiwa dogo, mtoto huugua mapema: huhema na hanenepi. Likiwa pana, mtu anaweza kukua na kulea wajukuu bila kujua lolote. Uzeeni ndipo pumzi inapopungua, kwa kuwa kingo za tundu zimekakamaa, au mapigo yamevurugika, au vali ya mitrali iliyo chini yake imeanza kuvuja. Damu hurudi mapafuni, na mgonjwa huhema kama mtu ambaye vali yake imebana. Kwetu, ambako homa ya baridi yabisi bado inaharibu vali za wengi, ni rahisi kuridhika na jibu la kwanza. Ekografia ndiyo hutenganisha: utando juu, vali chini. Upasuaji mmoja unaweza kuondoa utando na kutengeneza vali.

Sasa lugha. Mganga akisema «ugonjwa wa kuzaliwa», familia husikia ugonjwa wa ukoo, na maswali huanza: umetoka kwa mama au kwa baba? Kosa si la familia. Kiunganishi -a hakituambii kama kuzaliwa ni wakati au ni chanzo. Kasoro hii hutokea mimba ikiwa changa, moyo unapoumbwa. Kuwa nayo tangu kuzaliwa si sawa na kuirithi. Tena kwa mgonjwa mzee yako mambo mawili yenye umri tofauti, na jina moja haliwezi kuyabeba. Wenzangu mnaotafsiri hospitalini, mimi ningesema hivi: «Mama, ndani ya moyo wako kuna utando uliokuwepo tangu ukiwa tumboni. Mlango ulio chini yake ndio umeharibika baadaye.»